Kiarabu cha Kwenye Spika

Sauti ya Khala iliuza soksi kwa wiki tatu mfululizo, na mwenyewe hajawahi kuuza soksi hata pea moja maishani mwake.

Khala, ndivyo ninavyomwita kwa Kiarabu, ni mkaza mjomba wangu. Mjomba alimuoa mjini Mukalla, huko Hadhramaut alikotoka babu mzaa bibi, akamleta Kariakoo kwenye ghorofa letu: sisi tunakaa juu, duka liko chini. Alishuka kwenye teksi na masanduku mawili, chetezo, na neno moja la Kiswahili, "asante", ambalo alilitumia kwa kila kitu, mpaka kwa dereva aliyemkanyaga mguu. Duka ni la udi na mafuta ya uturi. Mjomba alikuwa anaendesha vibaya, kwa sababu mjomba pua yake haisikii kitu tangu utotoni. Khala akalichukua. Kiswahili akajifunzia hapohapo kaunta, kwa wateja, na ndani ya miezi michache akawa na sentensi yake maarufu:

"Nusa wewe. Nusa tena. Sasa lete mkono."

Alikuwa anaisema kama nesi mwenye sindano. Humbishii. Nimeona baba mzima, kitambi mbele, kaja kuulizia njia ya kwenda mtaa wa Gerezani, akaishia kunusa, akanusa tena, akatoa mkono, akaondoka na chupa mbili na njia hakuelekezwa.

Sasa mimi. Mimi niko kidato cha tatu, na darasani kwetu nina cheo ambacho hakiko kwenye ubao wa viranja: mimi ndiye ninayechekesha. Cheo hiki kina gharama, kila Jumatatu watu wanataka kitu kipya. Siku moja nimekaa kwenye kigoda dukani, simu nimeifunika na mtandio, nikamrekodi Khala akimhudumia mama mmoja. Nikapanda juu, nikakata, nikaweka mdundo wa singeli chini yake. "Nusa-nusa-nusa wewe! Nusa-nusa tena! Lete-lete-lete mkono!" Na mwishoni kabisa nikaacha kicheko changu, kwa sababu niliona kimekaa vizuri kwenye mdundo. Nikatupa kwenye grupu la darasa.

Grupu lilikufa kwa kucheka. Nilikuwa na furaha kama saa tano hivi.

Mwenzangu mmoja ana kaka yake ni winga, wale vijana wanaomdaka mteja barabarani na kumpeleka maduka ya watu kwa kamisheni. Klipu ikamfikia, na winga akampa muuza soksi. Na muuza soksi, kama ilivyo kwa kila anayepanga bidhaa nje Kariakoo, ana spika. Kariakoo hakuna anayepiga kelele kwa koo lake siku hizi. Unarekodi mara moja, unachomeka memori kadi, spika inakunadia tangu asubuhi mpaka unafunga. Huyu muuza soksi meza yake iko upande wa pili wa korido, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa duka letu. Nimezihesabu.

Fikiria mwenyewe: soksi, halafu sauti ya mwanamke inakuamrisha, "Nusa wewe! Nusa tena!" Watu walikuwa wanasimama wanashika mbavu. Na ukishasimama Kariakoo umekwisha, utanunua tu. Mawinga wakaidaka. Ikawa Khala akitokeza pua nje kumwaga maji, utasikia, "Lete mkono, mama! Lete mkono!"

Siku ya kwanza alitoka mpaka mlangoni. Akaiangalia ile spika. Akasikiliza mpaka mwisho, mara mbili. Akarudi ndani, na tangu hapo hakusema tena neno la Kiswahili.

Alitafuta kikokotoo. Mteja akiuliza bei, anabonyeza, anakigeuza juu ya kaunta. Mteja akiuliza huu ni udi gani, anamwangalia tu. Kunusa alikuwa anaonyesha kwa kidole, anagusa pua yake, basi. Nikamsikia dada mmoja anamwambia mwenzake wakitoka, "Yule si alikuwa anaongea? Kawa bubu?" Mwenzake akasema, "Twende zetu, ananitisha."

Jumamosi moja baada ya adhuhuri nilikuwa nashusha chai dukani, nikamkuta mjomba anazungumza naye Kiarabu, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto viatu. Akanigeukia akaniambia kwa Kiswahili, kama habari njema: "Mwezi ukiandama naweka binti wa kuuza hapa. Mfungo ndio msimu wa udi, siwezi kuwa na duka linalozungumza kwa namba. Khala wako atapumzika juu."

Khala alikuwa anafuta chupa. Chupa ileile, ambayo ilishakuwa safi.

Kupumzika juu! Mtu aliyevuka bahari, akapata kaunta yake, akapata sentensi yake, sasa arudishwe juu kuangalia taa za barabarani dirishani. Na aliyemng'oa pale ni mimi, kwa mdundo niliotengeneza kwa dakika arobaini. Hapo ndipo nilipoamua: mwezi hauandami kabla sijamrudishia mdomo wake. Tulikuwa na siku kumi na moja.

Niseme ukweli, nilianza kwa njia ya mkato. Ilikuwa Shaaban inaishia, mfungo unabisha hodi, na unajua mji huu Shaaban ikiishia: kila mtu anamtumia kila mtu ujumbe wa tusameheane. Fundi bomba anakuomba radhi, mtu mliyeonana mara moja kwenye harusi anakuomba radhi. Nikatafuta wa Kiarabu, wenye picha ya taa na maua, nikamtumia Khala. Akajibu ndani ya dakika moja. Picha nyingine ya taa, maua mengi zaidi yangu. Tukawa tumesameheana picha kwa picha. Nikashuka dukani, nikakuta kikokotoo kimegeuzwa kwa mteja.

Basi nikasema nitaandika barua, ya maneno yangu mwenyewe, kwa Kiarabu. Kiarabu changu ni cha madrasa: naweza kukusomea bila kukwama, lakini ukiniuliza nimesema nini nitakuuliza wewe. Nikaiomba simu initafsirie. Nikaandika Kiswahili, ikatoa Kiarabu ambacho nilipokirudisha kilisema habari za kodi ya pango. Simu Kiswahili haikijui vizuri. Kiingereza ndicho inachokijua. Nikaona isiwe tabu, naandika kwanza Kiingereza, si ndicho tunachofundishwa kuandikia barua shuleni? Halafu Kiingereza kiende Kiarabu. Ni kama kutoka Kariakoo kwenda Gerezani kwa kupitia Magomeni, lakini unafika.

Kiingereza kilitoka kitamu. Nilifanya "mistake". Nilitenda "offence". Niliumiza "feelings". Nikakiangalia nikajipa alama tisini. Simu ikakigeuza Kiarabu kirefu chenye heshima, nikakinakili kwa mkono, nikampelekea bibi akague, maana Kiarabu cha babake bado anacho, cha jikoni na cha kugombeza.

Bibi alikuwa sebuleni anachambua mchele kwenye sinia. Nikamwambia ni barua ya shule, ya mfano tu.

"Ya mfano," akasema. Akachukua miwani. "Kabla sijasoma, nina swali. Ile ya muuza soksi, pale mwishoni kuna kicheko. Ni cha nani?"

"Kicheko gani, bibi?"

"Mwanzo nilidhani ni mbuzi. Halafu nikakumbuka mtaa huu hauna mbuzi."

Nikakaa chini. Hakuna kitu cha kufanya mtu akikuambia hivyo, unakaa chini.

"Bibi, wewe umejuaje?"

"Nimekilea mimi hicho kicheko. Na mkaza mjomba wako anakula na wewe meza moja mwaka mzima huu, unadhani yeye masikio yake ya mapambo?"

Sikuwa nimefikiria kabisa. Nilidhani siri ni yangu. Kumbe kila dakika mbili, siku nzima, spika ilikuwa inamwambia jina la aliyemfanyia, hatua kumi na mbili kutoka kwake, na yeye anapanda juu jioni anakaa na mimi mezani ananisogezea bakuli la mchuzi. Na mimi nikamtumia picha ya taa!

Bibi akasoma barua. Alisoma akitikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

"Hapa umesema ghalat. Nani kakupa?"

"Simu. Ni 'mistake', bibi. Kosa."

"Ghalat ni ukitia chumvi mara mbili kwenye wali. Wewe ulikosea au ulikusudia?"

Nikajitia kumsaidia kuchambua mchele.

"Nakuuliza. Simu ilijirekodi yenyewe?"

"Nilikusudia."

"Basi sema amdan. Makusudi. Usiende kwa mtu na chumvi wakati ulimtilia mchanga." Akatelezesha kidole mstari wa pili. "Hili nalo la polisi. Mukhalafa! Umepita taa nyekundu? Ukimpa hii atafikiri serikali inatudai."

"Hilo ni 'offence'."

"Mwachie askari. Kule kwao ukimtendea mtu hivi wanasema aib. Na aib lazima iseme imekaa kwa nani. Sasa hivi imekaa kwake, ndiyo maana kafunga mdomo. Unatakiwa uichukue useme ni yangu mimi, siyo yako wewe. Aib alayya."

Akafika kwenye "feelings". Simu ilikuwa imesema nimejeruhi hisia zake, kwa maneno mazuri kabisa. Bibi akacheka mpaka mchele ukamwagika.

"Haya ya mtangazaji wa habari! Nani anaongea hivi na mkaza mjombake? Mama yangu alikuwa anasema, kasart khatri. Umenivunjia khatir. Ni ile iliyo humu ndani," akajigonga kifua kwa kidole, "inayokufanya uamke na hamu ya kuonekana na watu. Hiyo ndiyo inavunjwa. Na ikivunjwa inaungwa, wana neno lake kabisa, lilelile la kuunga mfupa."

"Sasa inaungwaje?"

Akakusanya mchele kwanza. Akaniambia mama yake, siku za mwanzo akiwa bibi harusi hapahapa Kariakoo, alioka mkate ukaungua, na mumewe, babake bibi, akaucheka mbele ya wageni. Akamwita mwokaji wa matofali. Wageni wakacheka wote. Usiku ule baba akamwomba radhi chumbani, vizuri tu, na mama akamjibu: hukunivunjia chumbani.

"Akafanyaje?"

"Akawaita tena wageni walewale. Akaoka mkate yeye mwenyewe, baba, ukaungua kuliko ule wa mama. Akawawekea mezani akasema, huu ni wangu, chekeni. Mama ndiye aliyecheka wa kwanza."

Akanirudishia barua yangu na mistari mitatu imechorwa. Sikuihitaji tena. Karatasi ni chumbani. Mimi nilimvunjia koridoni.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa muuza soksi.

"Sista! Mwenye kipaji!" Alijua muda wote, kumbe kila mtu alijua. "Niletee nyingine, hii imeanza kupoa."

"Nataka uitoe."

"Niitoe? Hii ndiyo injini ya biashara, sista. Nikiitoa nabaki na soksi tu."

"Nakuletea nyingine, ya kwangu mimi, sauti yangu. Ila hii uifute mbele ya macho yangu."

"Inachekesha?"

"Utacheka mpaka soksi zikuvuke."

"Isiponichekesha hatuna dili."

Nikamwambia poa, tukagonga ngumi, nikaondoka haraka kabla hajaniomba nimwonjeshe. Kwa sababu nilikuwa na mistari minne tu ya kuungama, na hakuna hata mmoja wa kuchekesha.

Bibi akanifundisha kwa siku tatu, mwiko mkononi. Maneno yalikuwa mafupi: Nilirekodi sauti yako makusudi. Nilikucheka mbele za watu. Nimekuvunjia khatir. Aib ni yangu, siyo yako. Kwa Kiarabu cha nyumbani kwao, sio cha simu. Herufi za kooni zilikuwa zinanikaba. Nilifanya mazoezi njiani kwenda shule, nikafanya darasani kwa siri, mwalimu wa fizikia akanituma nikanywe maji. Lakini neno lililonisumbua kuliko yote halikuwa na herufi ngumu. Ni amdan. Kila nikilifikia naona ulimi unatafuta njia ya kukata kona. "Rudia," bibi anasema. Narudia. "Umelimeza. Rudia." Nikarudia mpaka likatoka zima.

Grupu la darasa nalo nikaliandikia: ile klipu ifuteni, niliyekosa ni mimi. Wengine wakafuta. Mmoja akajibu kwa kuiweka tena na mdundo wa kasi zaidi. Sawa. Vya kwenye simu za watu sikuviweza, nikashika nilichokiweza.

Ijumaa nikampelekea muuza soksi. Akachomeka, akasogeza sikio. Sentensi ya kwanza akatoa macho. Ya pili akashika meza. Nilipofika kwenye khatir, ile kh yake ya mwanzo na ile t nzito, akakaa chini juu ya boksi la soksi akilia machozi.

"Sista... unasongwa na mwiba? Ni lugha au ni ugonjwa?"

"Ni Kiarabu."

"Unasema nini humo?"

"Nanadi soksi."

Akafuta ile ya zamani mbele yangu. Nilimwambia afungue memori kadi nione mwenyewe, akafungua.

Kesho yake baada ya alasiri akaiwasha. Na mimi nikasimama pembeni ya spika, uso wazi, ili isije ikawa tena sauti isiyo na mwenyewe. Korido ilikuwa imejaa, watu wa kabla ya mfungo. Mzunguko wa kwanza tu mawinga wakaacha wateja wao. "Oya, huyo mtoto anameza nini?" "Mpeni maji!" "Ni yeye huyo! Dada, tufanyie laivu!" Mmoja akaanza kuniigiza, anajikaba koo, ulimi nje. Nilitaka kuweka utani wangu wa kujikinga, ninao mwingi, ulishafika mdomoni. Nikaumeza. Mzunguko wa pili. Masikio yanawaka. Nikatambua kwamba nilikuwa nimesimama hapo dakika nne, na Khala alikuwa amesimama wiki tatu.

Mzunguko wa tatu alitokea mlangoni. Kikokotoo mkononi. Watu wote wa korido ile walikuwa wanasikia msichana anayepaliwa. Yeye peke yake alikuwa anasikia maneno. Alisikiliza mpaka mwisho kama alivyosikiliza siku ile. Ikaanza tena. Akavuka hatua zote kumi na mbili katikati ya watu, akasimama mbele ya muuza soksi.

"Zima," akasema.

Muuza soksi alizima haraka kuliko anavyozima akiona mgambo.

Khala akanigeukia. Alikuwa anatafuta maneno, na safari hii hakuna aliyemkatiza.

"Kicheko ya wewe," akasema. "Mimi najua siku ya kwanza."

"Najua, Khala."

"Mimi nangoja wewe."

Nikauliza, "Umenisamehe?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, sio ile ya kukuringia.

"Bado," akasema. Akaniwekea kikokotoo mkononi, akatoa kichupa mfukoni mwa abaya. "Lete mkono."

Nikaleta mkono. Winga mmoja nyuma akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

"Nusa wewe," akasema Khala, kwa sauti ya kusikika mpaka Msimbazi.

Nikanusa.

"Nusa tena."

Mwezi uliandama siku tatu baadaye. Asubuhi yake mjomba akashuka na yule binti wa kuajiriwa, binti mzuri, mstaarabu, amevaa viatu vipya vya kazi. Khala akawapokea mlangoni. Akamtazama binti kutoka juu mpaka chini, akafungua chupa ya udi, akamwambia anuse. Binti akanusa. Akamwambia anuse tena. Alipomaliza alimuuzia chupa mbili na kipakiti cha ubani, akampunguzia kidogo, akamuaga vizuri mpaka barabarani. Mjomba alibaki amesimama katikati ya duka, hasikii harufu yoyote.

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu. Simu niliiacha juu.